Mitumbwi Isiyoleta Samaki

Ziwa likifunguliwa, Mulumba hanunui samaki. Anakaa mbele ya nyumba yake pale Kabuta, upande wa Zambia wa ziwa Mweru, karibu na muchanga, na samaki wanakuja wenyewe.

Ni desturi ya mafundi wa mwambao ule. Mutu akitengenezewa mutumbwi mupya, siku ya kwanza ya kuvua samaki mukubwa kuliko wote ni wa fundi. Hakuna anayemuomba. Mwenye mutumbwi anamuleta kwa mikono yake, anamuweka mbele ya bibi ya fundi na kusema, "Mutoto wenu anajua kutembea." Fundi anakula kichwa, wa nyumba wanakula kinachobaki. Hivyo fundi anajua kama mutumbwi wake uko muzima, kama hauinami upande, kama mayi hayaingii.

Mwaka huu, kama kila mwaka, serikali ilifunga ziwa tangu mwezi wa Desemba kusudi samaki wazae. Mwezi wa tatu ulipoanza, likafunguliwa, na Kabuta ikaamka. Baiskeli zilipangwa kando ya barabara na vikapu nyuma. Chisense, wale samaki wadogo, walianikwa mupaka muchanga ukang'aa kama feza. Na mbele ya nyumba ya Mulumba samaki wa fundi wakaanza kufika.

Régine, bibi yake, ndiye aliyewapokea. Ni mwanamuke wa kusema kidogo na kukumbuka sana. Alikuwa anakwangua magamba, akauliza bila kuinua kichwa:

"Na ile mitumbwi ya ba Willy? Samaki yao iko wapi?"

Mulumba alisema labda watu wa ba Willy, yule mufanyabiashara aliyeagiza mitumbwi mitatu, wanavulia mbali, upande wa Mununga.

"Mununga haiko mbinguni," Régine akasema. "Hata samaki ya Mununga inapandaka baiskeli."

 Neno lile lilimuchoma Mulumba kama mwiba wa samaki.

Yeye alizaliwa ng'ambo ya ziwa, ku Congo, upande wa Pweto. Vita ilimuvusha akiwa na patasi, nyundo na musumeno ndani ya gunia, na Régine nyuma yake. Kwanza walilima muhogo katika kambi ya wakimbizi. Kisha akapata ruhusa ya kutoka na kufanya kazi ku mwambao. Ruhusa ile ni karatasi moja tu, na Mulumba anaichunga kuliko nyumba. Mukimbizi akiharibu jina lake, karatasi inachukuliwa, anarudi kambini. Na kambini hakuna mutu anayetafuta mutumbwi.

Willy alikuja wakati ziwa limefungwa, mvua inanyesha na kazi haiko. Alikuwa mufanyabiashara mwenye viatu visivyoshika matope, hata pale watu wengine walipokanyaga matope mupaka magoti. Hakuna aliyejua vizuri anakaa wapi. Akiwa Zambia alisema anakaa Congo. Akiwa Congo alisema anakaa Zambia. Alileta mbao kwa lori, chini ya magunia ya makala ya kupikia, akataka mitumbwi.

Mulumba alitelezesha rabo, chombo cha kulainisha mbao, juu ya ubao wa kwanza. Ubao ukalainika, na unga mwekundu ukamwagika juu ya miguu yake. Mutu wa Luapula ao wa Katanga hakosi kuujua muti ule. Ni mukula. Ukiupiga shoka, unatoa utomvu mwekundu kama damu ya kuku.

"Mukula inakatazwa, ba Willy," Mulumba alisema.

"Magogo njo inakatazwa, fundi mukubwa. Uliona wapi polisi anafunga mutumbwi?"

Mulumba aliliamini neno lile, kwa sababu lilifanana na wazo lake mwenyewe. Kosa lake lilikuwa kosa la fundi. Maisha yake yote aliona kwamba muti ukishapata umbo la mutumbwi, hauko tena muti. Unapewa jina na rangi, watu wanausukuma wakiimba, na ukizama wanaulilia. Nani anauliza mutumbwi ulizaliwa na muti gani?

Lakini Willy alikuwa na masharti ya ajabu. Mbao zisipunguzwe unene. Misumari iwe michache, ku ncha tu. Na gudroni, ile dawa nyeusi ya kuziba mianya, isitiwe kabisa. Mulumba azibe kwa matambara ya nyavu za zamani na udongo wa mufinyanzi.

"Gudroni tutaweka kule," Willy alisema. "Na jina tutaandika kule."

Mulumba aliumia, kama mupishi aliyeambiwa asitie chumvi. Lakini njaa ya wakati wa ziwa kufungwa haina kiburi. Alifanya kazi. Mutumbwi wa kwanza ukaondoka, na wa pili, na wa tatu. Ilikuwa haina jina wala rangi, nayo iliketi chini sana ndani ya mayi, kwa maana mukula ni muti muzito. Sasa wa nne ulikuwa umekwisha, umelala kwenye muchanga mbele ya kibanda chake.

Siku mbili mbele ya siku ya soko kufika, Clémentine akafika nyumbani. Ni mudogo wa Régine. Anavusha unga na sabuni kwenda Congo, anarudi na samaki wa kukauka na vitenge. Anacheka kwa nguvu, na kila mutu wa mwambao anajua akiwa njiani. Alisema safari hii hatalipa kitu. Ba Willy anavusha bamama wa soko bure, na mizigo yao yote.

"Na mutumbwi gani?" Mulumba aliuliza.

"Ule wako, shemeji. Ule muwekundu."

Mulumba alimuambia angoje mutumbwi mwingine. Clémentine akaweka mikono kiunoni.

"Nilipandaka ule wa muvuvi Kalumba, wenye kutoboka kama kichungio, na nikafika. Njo nitaogopa ya mukono yako? Ao unaniona mubaya juu ninaenda bure?"

Jirani waliosikia walicheka. Mulumba pia alijaribu kucheka. Régine hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono ya bwana wake, iliyokuwa inakwangua udongo ku kucha.

Kwa maana Mulumba alijua alichokifanya. Udongo na matambara vinavumilia mayi matulivu kwa saa chache. Lakini Mweru halitulii sikuzote. Muchana upepo unasimama ghafula, na mawimbi yanapiga mutumbwi ubavuni. Mutumbwi muzito, wenye misumari michache, wenye magunia ya unga na wamama juu yake, unafunguka kama kikapu. Hakuwaza kwamba mutu angepanda. Alifikiri Willy anaipeleka kule kumalizwa na fundi mwingine. Hata hilo, alikuwa amelifikiri kusudi asifikiri zaidi.

Kesho yake akaenda kumutafuta Levy.

Levy ni mwendeshaji wa injini. Ndiye aliyepeleka mutumbwi wa tatu. Mulumba alimukuta chini ya paa la majani, injini imefunguliwa mbele yake, mafuta mupaka viwiko. Aliuliza polepole, kama mutu anayeuliza habari za jamaa. Mitumbwi ile inavulia wapi? Samaki wake hajamuona bado.

Levy aliweka spana chini.

"Fundi, unangojea samaki ya ile mitumbwi? Utangojea mupaka meno ikuishe mu kinywa."

Kisha akasimulia. Walipofika ng'ambo, watu wenye vyuma vya kung'olea misumari walikuwa wanawangoja tayari. Injini ilikuwa bado moto wakati ubao wa kwanza ulipong'olewa. Misumari ilikuwa michache, kwa hiyo mbao zilitoka nzima nzima, bila kupasuka. Wakazisafisha udongo. Mbele ya jua kufika kichwani, hapakuwa tena na mutumbwi pale. Palikuwa na mbao nyekundu juu ya lori, na mutu mwenye karatasi zinazosema mbao zile zimetoka pahali pengine. Levy alirudi kama abiria ndani ya mutumbwi wa wavuvi wa chisense, injini yake juu ya magoti.

"Hiyo haikukuwa mutumbwi," alisema. "Ilikuwa mbao yenye kuogelea."

Mulumba aliuliza kuhusu mayi. Levy alisema alichota kwa beseni safari nzima, na siku ile ziwa lilikuwa kimya kama sahani, na hapakuwa na abiria hata mumoja.

"Na juu ya nini sasa anataka bamama?"

"Juu ya walinzi wa ziwa. Mutumbwi bila muzigo, na inakaa chini vile, walianza kuiangalia mubaya. Lakini ukijaza bamama na magunia ya unga, mulinzi anapunga mukono tu. Bamama njo pazia." Levy akachukua tena spana. "Alinipa kazi ya kupeleka. Nilikatala. Amepata mwingine, mutu hajui hata upepo inatokaka wapi."

Mulumba alitoka pale akiwa na aibu mbili. Moja ni ya mutu aliyedanganywa. Ile nyingine ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu alijua hakudanganywa vizuri sana. Alisaidia.

Akaenda nyumbani kwa mama Towela, nyuma ya kanisa. Yeye ni mutu wa Nchelenge, analima muhogo, na watu wa vijiji walimuchagua kuongoza kamati yao ya kuchunga pori. Lugha yake ni Kibemba, lakini Kiswahili cha soko anakijua. Alikuwa anatoa muhogo uliolowekwa, akiumenya. Alimupa Mulumba kiti, akaendelea kumenya, naye Mulumba akasema yote. Alipomaliza akaongeza lile neno lililokuwa limemutetea moyoni:

"Lakini mama Towela, ubao ikishakuwa mutumbwi, haiko tena ubao."

Towela hakupandisha sauti, akatia na mukwai, neno la heshima la Kibemba.

"Ba Mulumba, mukwai, nikuulize. Ndovu akipikwa, akakuwa mboga mu sahani, anarudiaka pori?"

"Hapana."

"Basi mukula ikikuwa mutumbwi, inarudia pori?"



Towela akamufafanulia. Sheria haiulizi umbo. Kukata mukula, kuubeba ao kuuza bila ruhusa ya serikali ni kosa, ukiwa gogo, ubao, kiti ao mutumbwi. Na si sheria ya hapa peke yake. Mataifa mengi yamekubaliana kwamba muti ule hauvuki mupaka bila karatasi ya kweli inayoonyesha ulitoka wapi, kwa sababu ukiendelea kukatwa hivi utakwisha. Ndiyo maana Willy anauficha. Mutu hafichi biashara inayoruhusiwa.

"Mukula yenye unene wa kifua cha mutu, ile imezeeka kupita babu yangu," alisema. "Ukipanda leo, utazeeka mbele ikomae. Ule anayeinunua, yeye hatangoja. Ataenda kununua kitu kingine."

Kisha akamukumbusha mpumbu.

Vijana wa Kabuta hawamujui mpumbu. Wanasikia jina tu, kama jina la mutu aliyekufa mbele wao kuzaliwa. Alikuwa samaki mukubwa wa Luapula. Wakati wa mvua alipanda muto kwenda kutaga, wengi mupaka muto ukasikika. Watu wakamungojea njiani na nyavu, kwa ajili ya mayai yake. Mayai yakatiwa chumvi, yakauzwa. Kila mutu alisema, mimi ninashika kidogo tu. Wanunuzi hawakusema kitu, walinunua. Kisha mvua ikanyesha mwaka mumoja, watu wakasimama kando ya muto na nyavu zao, na muto ukaleta mayi peke yake.

Wanunuzi hawakulia pamoja nao. Hawakulia pia wakati pembe za ndovu zilipokwisha. Bidhaa inabadilika jina, lori linabadilika rangi, lakini anayebaki na kisiki ni yule yule. Na siku polisi wanapokuja, mutu wa kisiki ndiye anayekutwa nyumbani.

"Na samaki wako?" Towela aliendelea. "Miti ya mulima ikikatwa, mvua inashusha udongo mu mito. Pale samaki wanatagia panajaa matope. Utatengeneza mitumbwi ya kuvua nini?"

Mulumba aliuliza afanye nini. Towela alisema atapigia simu ofisi ya misitu sasa hivi, na watakuja. Lakini barabara iliharibiwa na mvua, na soko ni kesho. Mutumbwi utaondoka mbele yao kufika. Alimukataza kupigana na Willy, ao kumufunga, ao kumufuata njiani. Kufunga watu ni kazi ya wenye kazi hiyo. Kazi ya mwananchi ni kuona, kusema, na kutotoa mukono wake.

"Na miye?" Mulumba aliuliza. "Watanifanya nini?"

"Watakuuliza. Sikudanganyi. Mutu anayeenda mwenyewe na mutu anayekutwa, hawa si mutu mumoja. Nitasimama na wewe. Pahali pako siwezi kusimama."

Nyumbani Mulumba alitoa ile karatasi ya ruhusa ndani ya kisanduku, akaiweka juu ya meza. Alimuambia Régine yote, hata habari ya udongo. Alisema anaweza kumuambia Clémentine tu, kwa siri, asisafiri, na mambo yakapita. Régine aliuliza kama ataambia pia wale bamama wengine, mumoja mumoja, kwa siri. Mulumba akasogeza ile karatasi karibu yake.

"Karatasi ikilowana inakaukaka," Régine alisema. "Clémentine hajui kuogelea."

Akakunja karatasi, akairudisha pahali pake.

Asubuhi ya soko, mutumbwi mwekundu ulikuwa umekwisha kusukumwa, ncha yake ikigusa bado muchanga. Magunia ya unga yalikuwa yanapandishwa. Wamama walikunja vitenge vyao mupaka magoti, wakasaidiana kupanda, wakitaniana juu ya nani atawahi kutapika. Clémentine alikuwa amekalia gunia lake katikati, kama mwenye mutumbwi. Willy alisimama juu ya ubao mukavu, viatu vikimetameta.

Mulumba aliingia ndani ya mayi na patasi mukononi. Watu walidhani anamalizia kazi. Wakamupisha.

"Fundi mukubwa," Willy akasema, "umekuya kubariki mutoto?"

Mulumba aliweka ncha ya patasi kati ya mbao mbili, chini kidogo ya pale mayi yanapofika. Akasukuma, akavuta. Tambara la wavu likatoka, refu, na udongo laini juu yake. Mayi yakaingia nyuma yake kwa sauti ndogo. Alinyoosha mukono, akamupa Clémentine lile tambara.

"Shika. Ile njo inakutenga na ziwa. Hakuna ingine."

Clémentine alilishika. Udongo ukamwagika kati ya vidole vyake. Hakucheka.

Mulumba akawageukia wengine. Hakuwa mutu wa kuhutubia. Alisema mutumbwi ule haukutengenezwa kwa kuvua wala kwa kurudi. Ni mbao ya mukula, na kule ng'ambo watauvunja na kuuza. Wamama wanapandishwa ndani yake kusudi walinzi wasiangalie mbao.

"Miye njo niliitengeneza," alisema. "Na nilijua ni mukula. Musiseme kesho kama fundi alidanganywa."

Willy alicheka kwanza. Aliambia watu kwamba fundi amekunywa. Kisha akashuka toka ubao ule, akakaribia, akasema kwa sauti ya chini, lakini wa karibu walisikia:

"Mulumba, wewe ni mugeni hapa. Utarudi kambini."

"Toka kambini bantu banarudiaka," Mulumba alijibu. "Toka mu mayi, hapana."

Akaweka patasi kwenye mwanya mwingine.

Clémentine ndiye aliyeshuka wa kwanza. Alivuta gunia lake mupaka kwenye muchanga, akasimama kando yake, akapumua.

"Bure ya ba Willy iko bei kali sana," alisema.

Wengine wakamufuata, wakipokezana magunia. Watu wawili wa Willy walijaribu kuusukuma mutumbwi kwenye mayi mengi, labda wauvushe hivyo hivyo. Wakaita wavuvi waliokuwa karibu wawasaidie. Wavuvi hao walikuwa wamesimama, mikono kifuani. Levy alikuwa kati yao, naye pia hakusogea. Mutumbwi mupya hausukumwi na watu wawili. Mayi yaliendelea kuingia, na mukula, kwa uzito wake, ukaketi chini kama ng'ombe aliyechoka.

Towela alifika na watu wa kamati. Hawakumugusa Willy. Walisimama tu kando ya mutumbwi na kuuangalia, na Towela akamupigia tena mutu wa ofisi simu, akisema mambo yote kwa sauti ya kusikika. Willy akaondoka haraka kupitia nyuma ya vibanda vya samaki. Kwa mara ya kwanza viatu vyake vilikuwa na matope.

Watu wa misitu walikuja jua likiwa kali. Waliuchukua mutumbwi. Ku barabara walikuta pia lori moja la makala, na chini ya makala palikuwa na mbao zingine. Mwendeshaji wa lori akapelekwa mbele ya tribinali kuhukumiwa. Willy mwenyewe hakuonekana. Wenye viatu safi wanajua njia nyingi, na walijua tangu zamani. Kwa hiyo tumuache huko alipo, atafutwe na wanaolipwa kumutafuta. Tubaki na wale waliobaki ku mwambao.

Mulumba alikwenda ofisini kwa miguu yake, Towela upande wake kama alivyoahidi. Alieleza kila kitu tangu ubao wa kwanza. Ruhusa yake ilisimamishwa. Alirudi kambini, akalima muhogo pamoja na Régine, na mikono yake ikatafuta patasi hata alipokuwa ameshika jembe. Alionywa vikali. Lakini kwa sababu alikwenda mwenyewe, na kwa sababu aliyosema yalipatikana kuwa kweli, ruhusa ilirudishwa muhogo ulipokuwa umefika magoti.

Alipofika Kabuta alikuta mambo yamebadilika. Clémentine alikuwa amezunguka vibanda vyote, na Clémentine akizunguka hakuna asiyesikia. Mafundi wa mitumbwi walikuwa wamekutana na kamati ya Towela na kukubaliana. Tangu sasa fundi hapigi musumari wa kwanza kama mwenye mbao hajaionyesha kamati mbao zile zimetoka wapi. Gudroni inatiwa hapa. Jina linaandikwa hapa, kwa mukono wa fundi. Na mutumbwi usio na jina hausukumwi. Hiyo ya mwisho ilitoka kwa wavuvi wenyewe, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Tajiri anaweza kununua mbao, misumari na injini. Lakini bila mabega ya watu wengi, mutumbwi mupya unabaki kwenye muchanga.

Mutu wa kwanza kumuagiza Mulumba alikuwa Levy. Alikuwa amechoka kuendesha injini katika mitumbwi ya wengine. Alileta mbao za miti ya kupandwa, zenye ruhusa, na Towela akaziona. Mulumba alinung'unika kila siku. Alisema mbao ile ni laini, inapinda kama mulevi, na inakunywa gudroni kama mulevi pia. Alitia misumari mara mbili ya kawaida. Alitia gudroni mupaka ikamwagika. Kisha akachukua burashi na rangi nyeupe, akamuuliza Levy jina.

"Andika TUTARUDI," Levy alisema.

Siku ya kuusukuma, mabega yalikuwa mengi kuliko nafasi.

Asubuhi iliyofuata Levy alikuja nyumbani na samaki makobo mukubwa, mukia wake ukigusa karibu chini. Alimuweka mbele ya Régine.

"Mutoto wenu anajua kutembea."

Régine alichukua kisu. Clémentine, aliyekuwa anafunga mizigo yake ya kuvuka, aliuliza kama mutumbwi ule mupya unaingiza mayi.

"Kidogo," Levy akasema. "Upande wa kushoto, karibu ya injini."

Mulumba alikuwa amekwisha kunawa mikono. Alisema Levy aulete kwenye muchanga muchana, yeye atauziba. Clémentine akasema basi ataupanda kesho, na atalipa kama watu wote.

Régine alipomaliza kupika, aliweka kichwa cha samaki mbele ya bwana wake. Mulumba alikula polepole, mupaka mashavu na macho, akaacha mifupa mitupu ku ukingo wa sahani. Kisha akachukua patasi, akashuka ziwani.